Kioo cha Mlango wa Jikoni

Mwezi wa Oktoba, Manyoni huwa kavu kama ngozi ya ngoma. Upepo huinua vumbi na kulitandaza juu ya mabati, juu ya nguo zilizoanikwa na juu ya mabehewa yaliyosimama stesheni. Katika vumbi hilo, mwaka wa 1993, lilisimama jengo jipya ambalo wazazi wa parokia walilitazama kama mtu amtazamavyo mtoto wake wa kwanza. Lilikuwa bweni la wasichana wa sekondari. Kuta za matofali ya kuchoma zilikwisha kuinuliwa, paa lilikwisha kuezekwa, na vitanda vya chuma vilikuwa vikichomelewa chini ya mti. Kilichobaki ni vioo vya milango miwili tu.

Milango hiyo haikuwa milango ya kawaida. Jiko la bweni lilikuwa limeungana na vyumba vya kulala kwa ukumbi mmoja mrefu, na mchoraji wa ramani alikuwa ameacha nafasi kubwa ya kioo katika kila mlango ili matroni aweze kuona jikoni bila kufungua. Mkaguzi wa majengo alipokuja kutoka mkoani, alisimama mbele ya nafasi hizo akatikisa kichwa.

"Hapa kioo cha kawaida hakifai," alisema. "Sheria inataka kioo kinachostahimili moto. Jiko likishika moto, kioo kibaki mahali pake mpaka mtoto wa mwisho atoke nje. Msipokiweka, sitatia sahihi, na bweni halitafunguliwa. Nitarudi kabla ya shule kufunguliwa."

Maneno hayo yalimkaa moyoni Melkizedeki, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Alikuwa katekista wa parokia, mtu wa sala, aliyeamka kila alfajiri kupiga magoti kabla hajagusa jembe. Kwake yeye bweni lile lilikuwa na jina la mtu. Mwaka uliotangulia, binti wa dada yake, aliyeitwa Elina, alikuwa amepanga chumba mjini pamoja na wanafunzi wenzake, kwa kuwa nyumbani kwao Kintinku ni mbali. Jioni moja koroboi ilianguka juu ya chandarua. Elina alitoka akiwa hai, lakini mkono wake wa kushoto uliungua kuanzia kifundoni hadi kiwikoni. Mama yake, Hana, alimchukua akarudi naye kijijini, akaapa kuwa mtoto hatarudi Manyoni mpaka kuwe na bweni ambalo yeye mwenyewe ameliona kwa macho yake. Tangu hapo Elina alikuwa akifukuza ndege katika mtama, daftari la mwaka jana likiwa limekunjwa ndani ya kanga yake. Kama bweni lisingefunguliwa Januari, nafasi yake shuleni ingepewa mwingine.

Basi kioo kilitakiwa. Lakini zilikuwa zama za soko huria, na kununua kitu kulikuwa kumegeuka mtihani. Miaka michache nyuma watu walipanga foleni duka la ushirika kwa kipande kimoja cha sabuni. Sasa bidhaa zilikuwa zimefurika kama mto wa masika: redio zilizonyamaza baada ya wiki, betri zilizovuja, vitenge vilivyoacha rangi yote ndani ya beseni. Watu walikuwa wamejifunza kununua kwa jicho moja na kushuku kwa jicho la pili.

Melkizedeki alianzia kwa Idrissa, mzee aliyekuwa na duka la misumari, bawaba na rangi karibu na soko. Aliongozana na Mazengo, fundi mkuu wa bweni, na Magdalena, mama mjane aliyekuwa mjumbe wa kamati na ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kama wembe.

"Shikamoo, Mzee Idrissa."

"Marahaba, Mwalimu. Karibuni," alijibu Idrissa, maana mjini wote walimwita katekista Mwalimu.

Melkizedeki akaeleza shida yake. Idrissa alisikiliza mpaka mwisho, akaingia nyuma ya duka, akarudi na kipande cha kioo kinene kilichofungwa kwa gunia. Katikati ya unene wa kioo hicho mlikuwa na waya nyembamba zilizosukwa kwa miraba midogo.

"Ni hiki," alisema, akakilaza juu ya meza.

Magdalena akakiinamia. "Mbona kama dirisha la banda la kuku?"

"Ndivyo kilivyo, mama."

"Na kinazuia moto?"

"Kinazuia."

"Kinazuiaje?"

"Kichomeni, mtaona."

Mazengo alichomoa nyundo yake kiunoni. "Tukijaribu na hii, mzee?"

Idrissa akakivuta kioo upande wake. "Hapana, fundi. Hiki si cha kupigwa nyundo. Kitapasuka."

Hakuongeza neno. Hakusema kimetoka nchi gani, hakusema nani mwingine amekinunua. Alikaa tu, mikono juu ya magoti, akisubiri. Wageni wake wakaaga na kutoka.

"Mmeona alivyokivuta?" Magdalena aliuliza mara walipofika barabarani. "Mwenye mali safi haogopi nyundo."

"Halafu hasemi," Mazengo alisema. "Mimi namwogopa muuzaji asiyesifia mali yake. Huyo ana jambo. Na kioo kama kile nimekwisha kukiona. Mlango wa ghala la mafuta pale stesheni una kioo chenye waya vilevile."

Melkizedeki akasimama. "Unataka kusema vimetoka huko?"

"Mimi sijasema, Mwalimu. Nimesema nimekiona."

Neno hilo lilimchoma Melkizedeki kama mwiba wa mgunga. Alikumbuka miaka ya uhaba, wakati kila kitu kizuri kilichoonekana dukani kilikuwa kimepitia mlango wa nyuma. Akazunguka makusudi mpaka stesheni kutazama ule mlango wa ghala. Kioo kilikuwapo, kizima, kimejaa vumbi. Mtu mwingine angeridhika. Lakini shaka ni kama moto wa pumba. Ukiuzima juu, chini unaendelea kula. "Huenda walikuwa na vingine stoo," alijiambia, akaenda zake.

Wiki iliyofuata akaja Gerald.

Alikuja kwa gari dogo la mizigo kutoka upande wa Dodoma, shati limenyooshwa kwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Hakuna aliyejua nani alimwambia kuwa parokia ya Manyoni inatafuta kioo. Asubuhi alikuwa kwa Magdalena, akisifia migomba yake. Mchana alikuwa bwenini na Mazengo, akimwita "injinia". Jioni alibisha hodi kwa Melkizedeki, na kabla hajakaribishwa kiti alikwisha kutaja majina ya watoto wote wa nyumba hiyo. Maneno yake yalikuwa matamu kama asali ya Itigi.

Jumapili baada ya misa, watu wakiwa bado uwanjani, Gerald alishusha kioo kimoja garini. Kilikuwa safi kama maji ya mtungi, hakina waya wala doa. Akakilaza juu ya matofali mawili, akampa Mazengo nyundo.

"Piga, injinia. Piga kama mtu unayemdai."

Mazengo akapiga kwa woga. Nyundo ikaruka kama imegonga mpira. Akapiga tena kwa nguvu, ikaruka tena. Watu wakacheka na kupiga makofi. Gerald akavua viatu, akapanda juu ya kioo akasimama na soksi zake nyekundu, mikono ameitanua.

"Hiki ndicho kioo cha usalama," alinadi. "Ulaya hawaweki kingine shuleni. Wapo wauzaji watakaowapa vioo vya kushonwa kwa waya kama ndoo iliyotoboka. Kitu kizima hakitiwi kiraka."

"Na moto je?" aliuliza Melkizedeki.

"Mwalimu wangu, kitu kilichoshinda chuma kitashindwa na moto? Injinia, hebu mpigie tena aone."

Mazengo akapiga tena, na watu wakacheka tena.

Melkizedeki alihisi kitu kikimkwaruza moyoni. Alikuwa ameuliza moto, akajibiwa nyundo. Lakini shaka yake yote alikwisha kuimwaga mlangoni kwa Idrissa. Kwa Gerald hakubakiwa na hata tone. Jioni hiyo alipiga magoti akamwomba Mungu ishara, na alipofumba macho aliona nyundo ikiruka. Akainuka akiamini kuwa amejibiwa.

Kamati ilinunua vioo vya milango yote miwili na kimoja cha akiba. Gerald alipokea malipo, akaacha anwani yake, akaondoka akipunga mkono. Vioo vilipokwisha kuwekwa, Melkizedeki alikutana na Idrissa njiani akitoka kuswali.

"Mmepata kioo, Mwalimu?"

"Tumepata, mzee. Tunashukuru."

"Mmekichoma?"

Melkizedeki alimtazama usoni. "Wivu huo," alisema moyoni. Kwa mdomo alisema, "Usiku mwema, mzee."

Mwezi wa Desemba Hana alishuka kwenye treni na binti yake Elina, aliyevaa blauzi ya mikono mirefu ingawa jua lilikuwa kali. Melkizedeki aliwatembeza bwenini. Aliwaonyesha vitanda, mabomba ya maji, mahali pa masanduku. Hana alitazama yote. Walipofika mlango wa jikoni, akasimama. Mazengo alikuwa hapo akipiga rangi fremu.

"Mbukwa, mama," alisalimia kwa Kigogo, alipomtambua kuwa ni mtu wa kwao.

"Mbukwenyi," aliitikia Hana, kisha akaweka kiganja juu ya kioo. "Ndicho kinachozuia moto?"

"Ndicho, dada," Melkizedeki alisema kwa fahari. "Hakivunjiki hata kwa nyundo."

"Sikuuliza nyundo, kaka. Chumba alichoungulia Elina hakikupigwa nyundo."

Elina alitazama sakafu.

"Nani amekichoma akaona?" Hana aliuliza.

Mazengo alichovya brashi katika rangi, akaitoa, akaichovya tena. Magdalena, aliyekuwa akifagia vumbi la saruji, aliinuka akashika kiuno.

"Mama, ina maana unatushuku sisi? Sisi tuliotoa kuku zetu na alizeti zetu?"

"Namshuku kila mtu, mama. Mkono wa mtoto huyu ndio ulionifundisha. Kichomeni nione. Kama hamwezi, tutarudi na treni ya kesho."

Melkizedeki alijua dada yake hatanii. Nyuma ya bweni kulikuwa na tanuru la matofali ya uzio ambalo bado lilikuwa likiwaka, na kile kioo cha akiba kilikuwapo stoo. Akakubali. Kisha shaka yake ya zamani ikaamka. "Mazengo, nenda kwa Idrissa, mwombe kile kipande chake. Vichomwe vyote viwili. Leo ajulikane nani ni nani."

Idrissa hakuuliza kinatakiwa kwa kazi gani. "Mwambie Mwalimu asinirudishie," alimwambia Mazengo, akaendelea kupima misumari.

Mazengo aliviegesha vioo katika midomo miwili ya tanuru, akaviziba pembeni kwa matofali na udongo, kila kimoja kikiwa na moto nyuma yake. Walisimama hatua chache nyuma, watu watano wakitazama vioo viwili. Kioo cha Gerald kilitulia, kimenyooka, mwanga mwekundu ukicheza ndani yake kama jua linapozama. Mazengo akaanza kutabasamu. Kile cha Idrissa kilitoa mlio mwembamba, na ufa ukakimbia kutoka kona hadi kona. Ukafuata wa pili, na wa tatu.

"Kimepasuka," alisema Magdalena, na sauti yake ilikuwa na furaha kidogo. "Si niliwaambia?"

Hajafunga mdomo, kioo cha Gerald kililipuka. Mlio wake ulikuwa kama wa jiwe lililotupwa juu ya bati. Mahali palipokuwa na kioo hapakuwa na kitu. Chembe zake zilitapakaa chini kama chumvi ya mawe, na ulimi wa moto ukatoka katika mdomo wa tanuru ukilamba matofali. Elina aliruka nyuma akiushika mkono wake wa kushoto. Hana alimvuta akamkumbatia, na kwa muda hakuna aliyethubutu kuwatazama.

Kisha wote wakageukia kile kingine. Nyufa zilikuwa zimeenea kila upande, kama tope la mashamba ya mpunga ya Kintinku wakati wa kiangazi. Lakini zile waya zilikuwa zimekumbatia vipande vyote. Hakuna hata kimoja kilichoanguka. Nyuma yake moto ulinguruma. Mbele yake moshi haukupita. Walisubiri kianguke. Walisubiri mpaka magogo yakawa makaa, nacho kilikuwa bado kimesimama.

"Hiki kimepasuka," Hana alisema polepole, "lakini hakijaondoka."

Melkizedeki aliona moyoni milango ile miwili usiku jiko linapowaka, na wasichana wamelala nyuma yake. Alijitenga kidogo, akainamisha kichwa, na safari hii hakuomba ishara. Alimshukuru Mungu kwa ukaidi wa dada yake, akaomba asamehewe kwa uongo aliomzulia Idrissa moyoni mwake.

Kamati ilikutana siku hiyohiyo. Mtu alitumwa Dodoma kwenye anwani aliyoiacha Gerald. Akakuta nyumba ya wageni ambamo hakuna aliyemjua. "Tumeliwa," alisema Magdalena. Waliamua bwalo la chakula lisiwekwe dari mwaka huo, ili vioo vingine vinunuliwe. Vile vya Gerald waliving'oa wakaviweka kwenye madirisha ya ofisi, mbali na jiko. Havikuwa vibovu kwa kila kazi. Vilikuwa vibaya kwa kazi aliyovinadia.

Melkizedeki alikwenda dukani peke yake. Alisimama mlangoni kama kuku aliyenyeshewa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Vioo vyako vipo. Nani mwingine Manyoni atanunua dirisha la banda la kuku?"

Melkizedeki alitaka kucheka akashindwa. "Mzee Idrissa, nilikudhania mwizi. Nilikwenda hadi stesheni kuhesabu vioo vya watu."

"Najua. Mlinzi wa pale ni mkwe wangu." Idrissa alimsogezea kiti. "Vyangu nilivileta kwa treni kutoka Dar. Mhindi mmoja aliniambia ndivyo vinavyowekwa penye hatari ya moto. Ndiyo maana wale wa ghala nao wanavyo."

"Sasa kwa nini hukutuambia? Neno moja tu lingetosha."

Idrissa aliweka kando mizani ya misumari. "Mwaka wa themanini na tatu, Mwalimu, nilikuwa na katoni mbili za sabuni. Nilizinunua kwa haki kabisa. Nikazisifia kwa mteja, nikamwambia hakuna sabuni kama hii mji mzima. Neno likatembea. Asubuhi wakanijia askari wa kuwasaka walanguzi: hiyo sabuni isiyo na mfano umeitoa wapi? Nililala ndani mpaka mvua zikaanza kunyesha. Tangu siku ile mdomo wangu hausifii kitu. Naweka mezani. Mwenye macho ataona, asiyeona nitafanyaje?"

"Na sisi tuliona kimya chako tukasema kimeficha jambo."

"Kilificha," alisema Idrissa. "Kilificha woga. Haya, lete vipimo."

Mkaguzi alirudi wiki moja kabla ya shule kufunguliwa. Alitazama kioo cha mlango wa kwanza, akatazama cha pili, akapitisha kidole juu ya waya, akatia sahihi akiwa amesimama. Melkizedeki hakungoja gari. Siku hiyohiyo alipanda treni kwenda Kintinku kumwambia dada yake.

Siku ya kufungua shule, Hana na Elina walipita sokoni kununua sanduku la bati la kuwekea vitu bwenini. Kijana mmoja alikuwa amesimama juu ya rundo la masanduku ya rangi zote, akipiga vifuniko kama ngoma. "Sanduku la mwanafunzi, mama! La kudumu mpaka awe waziri! Mtoto mzuri kama huyu anataka sanduku zuri, njoo mama, njoo."

Magdalena, aliyekuwa amewasindikiza, alipunguza mwendo. "Yana maua, hebu tuangalie," alisema.

Hana hakusimama. Alivuka barabara mpaka duka la Idrissa, ambako sanduku moja jeusi lilikuwa kwenye kona bila ua wala nembo.

"Likoje hili, mzee?"

"Lifungue, ulifunge," alisema Idrissa.

Hana akalifungua, akalifunga. Akalikalia kwa uzito wake wote. Akamwita Elina, naye akapanda juu yake akaruka mara kadhaa, mpaka akasahau na blauzi ikapanda, kovu likaonekana, naye hakulificha. Bati halikubonyea. Hana akalipa, Elina akalibeba kichwani, na pamoja wakashika njia ya bwenini, huku nyuma yao yule kijana akiendelea kunadi mpaka sauti ikamkauka.

Ndivyo wazazi wa Manyoni walivyolithibitisha, kwa hasara na kwa neema, neno walilokuwa wakilisema tangu utoto bila kulipima kwenye moto: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.